Nyanya Nyeusi za Faina

27 Aprili
Saa moja asubuhi nyuzi 3. Mawingu mazito, upepo wa kaskazini-magharibi.

Faina ameondoka. Leo ni siku ya nne. Siku zote nne nimeandika hali ya hewa na hili sikuliandika, kwa sababu daftari la hali ya hewa halina mahali pake. Basi nimechukua daftari jingine.

Aliondoka na basi la asubuhi kwenda Krasnoyarsk, kwa binti yetu Zoya. Mabegi mawili. Nilimbebea hadi kituoni nikidhani anakwenda kusalimia tu. Basi lilipotokea ndipo aliponiambia:

"Inokenti, mimi sirudi. Miaka thelathini na minne nimeishi na kipimajoto. Nimechoka."

Nikamwuliza kama amechukua koti zito, maana upepo ulikuwa umegeuka. Akanitazama kidogo, akapanda.

Dirishani jikoni ameacha miche ishirini na nne ya nyanya ndani ya makopo ya maziwa. Ni zile nyeusi, mbegu ya marehemu mama yake. Kijiji kizima kina nyanya nyekundu na za waridi, nyingine kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga; nyeusi anazo Faina peke yake. Huziita Makaa. Hakuniambia nizifanye nini.

28 Aprili
Nyuzi 4. Nimemwagilia.

29 Aprili
Nyuzi 4. Nimemwagilia.

30 Aprili
Nyuzi 6. Nimemwagilia. Sijui mtu hula nini asubuhi kama hakuna aliyepika uji. Nimekula mkate na matango ya chumvi, nimesimama.

4 Mei
Nyuzi 2, theluji nyepesi iliyoyeyuka kabla ya adhuhuri.

Miche minne imelala. Shina limeoza pale linapogusa udongo, limekuwa jembamba kama uzi. Imebaki ishirini.

Nilimpigia Zoya. Nikamwomba anipe mama yake.

"Mama anaoga, baba."

"Nitasubiri."

"Anakaa sana, baba. Hali yako vipi?"

Nikamwambia nyuzi 2 na theluji nyepesi.

12 Mei
Nyuzi 14 saa saba mchana. Anga tupu.

Nimesoma mahali kwamba miche huzoeshwa jua kabla ya kupandwa. Nikaitoa yote nje mchana, nikaipanga juu ya benchi, nikaenda kusoma vipimo. Niliporudi nikasikia sauti juu ya uzio:

"We Savich! Unaizoesha jua au unaikaanga?"

Ni Glafira Pankratovna, jirani yetu, ananiita kwa jina la ukoo. Miaka saba hajanisemesha. Mwaka ule mumewe Timofei, Mungu amrehemu, alikuja kuniuliza kama akate majani ya ng'ombe, kwa kuwa nilikuwa kazini kwenye kituo cha hali ya hewa na watu waliamini najua. Nilimwambia uwezekano wa mvua ni mdogo. Ikanyesha siku tisa. Majani yakaoza, wakauza ng'ombe wote wawili kabla ya baridi. Sikusema haitanyesha. Nilisema uwezekano ni mdogo. Nilimweleza hivyo Glafira wakati ule, na tangu hapo akawa ananipita kama nguzo.

"Rudisha ndani haraka! Siku ya kwanza nusu saa, tena kivulini. Mwanaume mzima, mawingu yote unayajua kwa majina, mche tu unakushinda?"

Miwili majani yamegeuka meupe kama karatasi. Imebaki kumi na minane.

13 Mei
Nusu saa, kivulini.

14 Mei
Saa nzima.

20 Mei
Nyuzi 9, mvua ya rasharasha.

Nilimpigia Zoya. Mama amelala. Ilikuwa saa sita mchana.

26 Mei
Nyuzi 17. Upepo mwanana.

Nimepanda. Banda la vioo nililijenga mimi mwenyewe mwaka Zoya alipoanza shule, kwa madirisha ya bweni la zamani lililobomolewa. Kwa miaka yote hiyo nadhani niliingia humo mara tano, kurekebisha bawaba. Leo nilipopiga magoti kuchimba mashimo niliona kwenye kila nguzo Faina amefunga vitambaa, kila kimoja cha gauni ninalolikumbuka. Alivitumia kufungia mashina. Sikuwa nimeviona.

Majivu konzi moja kwa kila shimo, na samadi iliyooza. Glafira alinielekeza toka kwake, bila kuvuka uzio.

8 Juni
Jana jioni anga lilitakata ghafla na upepo ukafa. Nilijua. Alfajiri hii: 1 chini ya sifuri, jalidi nyeupe juu ya nyasi. Niliweka ndoo tatu za makaa ya moto bandani na kuifunika miche kwa magazeti. Viazi vya watu watatu hapa mtaani vimeungua. Nyanya hazikuguswa.

Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, na nilitaka kumwambia mtu.

15 Juni
Sufi ya miti ya mipopla inaruka kila mahali. Bandani nyuzi 38. Nimefungua madirisha yote.

19 Juni
Maua ya kwanza. Glafira anasema maua yakipata joto bila kutikiswa huanguka. Kila siku saa nne asubuhi nipite, nigonge kamba zinazoshika mashina.

"Gonga taratibu. Kama unamwamsha mgonjwa."

20 Juni
Nimegonga.

21 Juni
Nimegonga. Zoya anasema mama ametoka kutembea.

22 Juni
Nimegonga.

28 Juni
Nyuzi 24, mawingu ya pamba.

Kila jani linapokutana na shina hutoka chipukizi jipya, na ukiliacha mmea wote unageuka kichaka usizae. Glafira safari hii alivuka uzio, akanionyesha jinsi ya kulivunja kwa vidole, bila kisu. Mikono ikawa ya kijani kibichi, harufu haitoki hata kwa sabuni. Niliwahi kumwambia Faina anawe vizuri, mezani pananuka. Alikwenda kunawa mara ya pili.

Glafira aliangalia kisanduku cheupe cha vipimo nilichokiweka uani.

"Bado unapima?"

"Kila baada ya saa tatu."

"Na nani anakutaka upime? Si umestaafu?"

"Hakuna."

Akatingisha kichwa, akaenda zake. Ni mwanamke mchungu. Alikuja kwa sababu ya nyanya za Faina, si kwa sababu yangu.

5 Julai
Nyanya kumi na moja za ukubwa wa zabibu. Za kijani tu, hakuna weusi wowote.

9 Julai
Ishirini na nane. Mama yuko dukani.

14 Julai
Asubuhi nyuzi 27, hewa nzito. Mkandamizo wa hewa ulishuka tangu alfajiri kuliko siku yoyote ya mwaka huu.

Haya yametokea leo na nataka kuyaandika kwa mpangilio.

Saa tisa alasiri wingu lilitokea juu ya milima ya magharibi. Kwa nusu saa nililitazama likikua. Tumbo lake halikuwa jeusi, lilikuwa la kijani, kama chupa. Miaka thelathini na mmoja kituoni nililiona wingu la namna hiyo mara mbili. Ni mvua ya mawe, na si ya kuchezea. Nilikadiria dakika ishirini na tano.

Nikatoa mablanketi yote, zulia la chumbani, mlango wa zamani uliokuwa ghalani. Nikaegemeza ngazi nianze kufunika paa la banda. Nilikuwa nimetandika blanketi la kwanza tu nilipotazama kule bondeni, kwenye mkondo wa zamani wa mto, nikaona gari la farasi. Kando yake mtu mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani anageuza majani kwa uma. Glafira. Majani ya farasi wake ya mwaka mzima yametandazwa chini, na kule hakuna mti wala kibanda.

Kusema kweli nilisimama juu ya ngazi. Sijui muda gani, labda dakika nzima. Nilitazama nyanya kupitia kioo. Kisha nikashuka nikakimbia.

Nina miaka sitini na moja na goti moja bovu. Ni zaidi ya kilomita moja. Nilipofika sikuweza kusema, nikawa naonyesha tu wingu kwa kidole.

"Nini?" akasema Glafira. "Mvua? Umesema wewe mvua? Basi kutakuwa na jua."

"Mawe."

"Uwezekano mkubwa au mdogo, Savich?"

"Glafira Pankratovna," nikamwambia, "mwaka ule nilikosea. Nilikosea, Timofei akaniamini. Leo sikosei. Mfungue farasi."

Akatupa uma. Tulimfungua jike lile, analoliita Risasi, likakimbia lenyewe kuelekea miti ya mibetula. Jiwe la kwanza lilidunda kwenye ubao wa gari. La pili lilinipata begani. Tukatambaa chini ya gari, mimi na yeye, uso kwa uso na magurudumu, na mbingu ikaanguka.

Mawe yalikuwa kama mayai ya njiwa, mengine makubwa zaidi. Ubao juu yetu ulilia kama ngoma, na kwa muda hatukuweza kusikiana. Nilikuwa nafikiria vioo. Yalipopungua kidogo Glafira akasema, bila kunitazama:

"Banda ulilifunika?"

"Blanketi moja."

Akavuta kitambaa chake mbele kidogo. Halafu:

"Unajua Faina alikuwa akija kwangu kila siku?"

"Kuchukua maziwa."

"Maziwa! Mimi ng'ombe sina tangu miaka saba, Savich. Maziwa alinunua dukani akirudi."

Nilibaki nimelala pale. Kweli, ng'ombe waliuzwa. Nilijua waliuzwa. Nilijua hata tarehe.

"Alikuja kuongea," akasema. "Anakaa jikoni saa nzima, saa mbili. Anasimulia ameota nini, nani kaolewa, goti linamsumbua. Halafu anasema, haya, niende, mzee wangu anapima. Alikuwa anasema: akistaafu ataanza kuongea, Glasha, subiri uone, amechoka tu na kazi. Siku uliyostaafu alioka mkate wa samaki. Wewe ukaleta kile kisanduku uani."

"Hakuniambia."

"Alikuambia. Nilikuwepo mlangoni, nilisikia. Alikuambia, Inokenti, sasa tutakuwa wawili. Ukamjibu kesho kutakuwa na upepo."

Sikumbuki. Nimejaribu jioni yote na sikumbuki. Ninaweza kusema upepo wa siku ile ulikuwa wa upande gani.

Mawe yalikoma kama yalivyoanza. Bonde lilikuwa jeupe, mwezi wa Julai. Majani yamepondwa, lakini yatakauka. Risasi tulimkuta mibetulani ana jeraha mgongoni. Kama Glafira angekuwa wazi kule na kitambaa chake tu kichwani, sitaki kuandika.

Banda: paa lote la upande wa magharibi limekwisha. Vioo vimechomoka vimesimama kwenye udongo kama meno. Miche saba iko hai, yote chini ya lile blanketi. Kumi na mmoja imekatika.

Glafira hakwenda kwake. Aliingia na ndoo, tukaokota vioo pamoja mpaka jua liliposhuka, kipande kimoja kimoja. Alisema neno moja tu: "Polepole na mikono yako."

Nimegundua sasa hivi kwamba sikupima saa kumi wala saa moja jioni.

16 Julai
Glafira ameleta madirisha manne ya jiko lake la uani. Nikamwambia atabaki na tundu. Akasema tundu la kiangazi halimsumbui mtu. Tumeyapigilia. Hayalingani, lakini mvua haiingii.

2 Agosti
Nyuzi 25. Nyanya moja imepata kivuli mabegani, karibu na kikonyo. Kama mtu aliyeshikwa na mkono wenye masizi.

6 Agosti
Zile zinazopigwa na jua zinakuwa nyeusi juu na nyekundu nzito chini. Zilizo kivulini zinabaki rangi ya kahawia, hazipendezi. Nimeondoa majani kadhaa ya chini ili zipate mwanga. Glafira aliita kutoka kwake nisizidishe, nisizivue nguo kabisa.

11 Agosti
Alfajiri nyuzi 8. Ukungu mzito umetoka mtoni, haukuinuka hadi saa nne.

12 Agosti
Nyuzi 7. Ukungu.

13 Agosti
Nyuzi 7. Ukungu. Nilimpigia Zoya. Mama yuko kazini. Sikujua ana kazi. Zoya anasema anapika kwenye shule ya chekechea, watoto wanampenda.

14 Agosti
Ukungu.

15 Agosti
Bakajani. Madoa ya hudhurungi kwenye majani ya mche wa mwisho, chini yake unga mweupe. Tatizo la nyanya nyeusi ni kwamba kwenye tunda lenyewe huoni ugonjwa. Unadhani ni rangi yake. Unaishika ndipo unapojua, ni ngumu kama kovu. Nimekagua kila moja kwa kidole gumba. Nimeng'oa miche mitatu nikaichoma nyuma ya ghala. Kwenye iliyobaki, Glafira anasema nichume zote zilizoanza kugeuka zikaivie ndani.

Imebaki minne. Sijui kwa nini ninajali hivi. Ni mboga.

17 Agosti
Simu ilipokelewa na Faina.

Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimezoea Zoya.

"Zoya hayupo," akasema. "Inokenti? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kuna joto gani huko?"

Aliuliza tu, kwa mazoea. Nikasema:

"Sijapima. Faina, miche yako imebaki minne. Mingine nimeiua mimi, mingine mvua ya mawe, mingine bakajani. Kwanza niliizamisha kwa maji. Halafu niliichoma na jua. Halafu..." Nikamwambia yote. Bonde, gari, Risasi, madirisha ya Glafira. Nilisema labda robo saa.

Nikahamishia simu sikio la pili. Nikadhani laini imekatika.

"Majani ya chini umeyatoa?" akauliza.

"Nimetoa."

"Vizuri," akasema. "Wananiita kwenye mlango. Kwaheri, Inokenti."

3 Septemba
Asubuhi nyuzi 4. Nimechuma za mwisho. Mbegu nimezikamua kwenye glasi, zitakaa siku tatu zichachuke, kisha nizianike kwenye gazeti. Glafira alionja moja jikoni kwangu, mara ya kwanza anakaa kwenye kiti changu. Alinyunyiza chumvi, akafumba macho.

"Ndizo," akasema. "Mwaka jana zilikuwa tamu zaidi, lakini ndizo."

Nikamwambia nataka kumpelekea Faina.

"Mpelekee. Ila usiende kumchukua."

"Kwa nini?"

"Nenda kampe nyanya, Savich. Basi."

7 Septemba, Krasnoyarsk
Ndani ya basi saa nane nzima. Sanduku miguuni, nyanya kumi na sita, kila moja kwenye gazeti.

Nilifika mapema, nikasimama ng'ambo ya barabara kusubiri mtu afungue mlango wa chini wa jengo anakoishi Zoya. Faina akatokea akitoka kazini na mwanamke mwingine, wameshikana mikono kama wasichana. Yule mwingine alisema kitu, na Faina akacheka, akainama kabisa, akashika goti. Akaendelea kucheka hadi akafuta machozi. Nilifikiri: mwanamke huyu nampenda. Halafu nilifikiri kwamba simjui. Nilirudi nyuma ya kibanda cha magazeti mpaka walipoagana.

Nilipogonga alifungua yeye. Hakushtuka, au hakuonyesha. Tuliketi jikoni kwa Zoya. Alizifungua moja moja kutoka kwenye magazeti, akazipanga mezani, akazigeuza kila moja kutazama mabega. Akakata kubwa kuliko zote. Ndani ilikuwa kama divai, na kijani kidogo kuzunguka mbegu. Tukala kwa chumvi na mkate wa shayiri.

"Umezifanya vizuri," akasema.

"Ni Glafira."

"Glafira hakugonga kamba kila asubuhi. Aliniandikia barua kurasa nne." Akafuta kisu. "Inokenti, sirudi."

"Najua. Sikuja kukuchukua."

Nilitaka iwe kweli nilipoisema, na nadhani ilikuwa kweli kwa nusu. Nilimwuliza watoto wa chekechea wanapenda kula nini. Akanieleza. Nikamwuliza yule mwanamke anaitwa nani, nikaona aibu maana alijua sasa kwamba niliwaona. Anaitwa Aglaya, ni mjane, anaimba kwaya. Nikauliza goti. Alinieleza habari ya goti kwa muda mrefu, na chai ikapoa, na mara mbili nilitaka kusema kwamba goti huuma mkandamizo wa hewa unaposhuka, na mara zote mbili nikanyamaza nikamsikiliza.

Mwishoni alilia kidogo. Akasema, "Kwa nini sasa?" Nikaanza kukunja yale magazeti, moja moja.

Alinisindikiza hadi kituo cha basi. Alinifunga kola.

8 Septemba
Nyumbani. Nimelala mchana kutwa.

12 Septemba
Jalidi. Nimeng'oa mashina yote na kuosha vioo. Vitambaa vya Faina nimevifungua kwenye nguzo, nimevifua, vimeanikwa jikoni. Jikoni kumejaa magauni.

20 Septemba
Nilikwenda kwa Glafira kuchimba viazi. Magunia ishirini na mawili. Alinikaripia siku nzima. Jioni bafu la mvuke, kisha supu ya kabichi kwake. Nilimsimulia habari za kituo, jinsi dubu alivyokula kipimio cha mvua. Alisema ni uongo mtupu. Si uongo. Niliporudi nyumba ilikuwa baridi na giza, nami nilijisikia mpweke kuliko nilipokuwa sijazoea kwenda kwa watu.

4 Oktoba
Sijui nyuzi ngapi. Theluji ya kwanza.

Simu ililia saa moja jioni. Ilikuwa Faina. Ni yeye aliyepiga, si mimi. Aliuliza kama viazi vya Glafira vimekwisha kuchimbwa, nikamwambia vimekwisha, magunia ishirini na mawili. Akauliza kama Risasi amepona. Amepona, lakini manyoya yanaota meupe pale penye jeraha.

Kisha hatukuwa na la kusema. Nilisikia redio ya jikoni kwake na maji yakichemka. Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Nilivuta kiti nikaketi.